Kusifia kwa Kihispania: shika kitenzi kwanza

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni dada wa miaka 26, nasoma shahada ya pili Valencia, Hispania, huu ni mwaka wa pili. Mitihani ya Kihispania nafaulu, lakini kila nikitaka kumsifia mtu naharibu. Jumapili moja nilialikwa kwa wazazi wa rafiki ninayekaa naye. Baba yake alipika paella, ule wali wao wa Valencia, akanikarimu sana, nikamwambia 'usted está muy bueno' nikimaanisha kwamba ni mtu mwema. Meza nzima ilicheka, mama mwenye nyumba akafunika uso. Darasani kuna kijana ananisaidia masomo, nikamwambia 'me gustas mucho'. Tangu siku hiyo ananialika kahawa tuwe wawili tu. Rafiki yangu aliporudi likizo nilimwambia kwa furaha kwamba amenenepa, akanyamaza. Nikisifia skafu ya mtu naambiwa ni kuukuu, hadi najiuliza kama nimemkera. Na mimi mwenyewe muuza mboga ananiita 'guapa' (mrembo) na 'reina' (malkia) kila siku. Ananitaka? Naomba unipe orodha ya maneno mazuri ya kusifia niyakariri, nisiaibike tena."

Marahaba, dada. Orodha sitakupa, kwa sababu maneno unayo tayari. Ukitazama vizuri yale yaliyokupata, utaona kwamba 'bueno' ni neno zuri, 'mucho' halina ubaya, na hata huko kunenepa ulikutaja kwa moyo safi. Kilichokuangusha mara mbili ni kitenzi, na mara ya tatu ni kitu ulichochagua kukisifia. Nikikupa vivumishi hamsini leo, utakuwa na njia hamsini za kuchekesha meza.

Tuanze na baba wa paella. Kihispania kina vitenzi viwili pale ambapo sisi tunasema 'kuwa': ser na estar. Huenda ulifundishwa kwamba ser ni ya mambo ya kudumu na estar ni ya mambo ya kupita. Kanuni hiyo inafaa wiki za mwanzo, kisha inakusaliti. Mtu aliyekufa ni 'está muerto', kwa estar, na hakuna hali ya kudumu kuliko hiyo. Afadhali uanzie kwenye lugha yako. Sisi husema "Asha ni mzuri," na siku ya harusi tukasema "Asha amependeza." Sentensi ya kwanza inamweleza Asha alivyo. Ya pili inaeleza hali niliyomkuta nayo nilipomtazama. Vivyo hivyo 'ni mnene' na 'amenenepa', 'ni mzee' na 'amezeeka'. Ile '-me-' yetu ya hali ndiyo jirani wa karibu wa estar, na 'ni' ndiyo jirani wa ser. 'Eres guapa' ni wewe ni mzuri. 'Estás guapa' ni umependeza. Haviendi sambamba kila mahali, lakini katika kusifia vitakufikisha mbali.

Sasa kuna vivumishi ambavyo vikibadilishiwa kitenzi vinabadilika maana kabisa, na hapo ndipo penye shimo. 'Es listo' ana akili, 'está listo' yuko tayari. 'Es rico' ni tajiri, 'está rico' ni kitamu, na hiyo ya pili huiweki kwa mtu. 'Es bueno' ni mtu mwema. 'Está bueno', ikisemwa juu ya chakula, ni kitamu. Ikisemwa juu ya mgonjwa aliyetoka kitandani, ni amepona, na wazee bado huitumia hivyo. Lakini ikisemwa juu ya mtu mzima aliyekaa mbele yako akiwa na afya yake, ni ile ya mtaani: umeumbika, tena kwa jicho la kutamani. Ndiyo maana mama alifunika uso. Hakukasirika. Mtu aliyekasirika hacheki mezani, na nina hakika kisa hicho kinasimuliwa kwa upendo katika familia ile. Usirudi kuomba radhi kwa unyonge, utakifanya kikubwa kuliko kilivyo.

Ulichotaka kusema kilikuwa 'es usted muy amable', wewe ni mkarimu sana, au ukiwa unaondoka, 'ha sido usted muy amable conmigo'. Ila ukiniuliza mimi, pale Valencia, mbele ya mwanaume aliyepika paella ya Jumapili, wema wake ungeuacha kwanza ukasifia wali. 'Le ha salido buenísima.' Kitenzi salir hapa kinasema kazi imetoka vizuri mikononi mwake, kama tunavyosema 'pilau imetoka safi'. 'El arroz está en su punto', yaani wali umeiva panapotakiwa. Na ukitaka kumgusa moyo kabisa, sifia socarrat, ule ukoko wa chini ya sufuria bapa. Watu wa Valencia wanaugombea kwa vijiko, na mpishi anajua fika kama umefaulu au umeungua. Mgeni anayeujua ukoko anaonekana amekula kwa akili.

Hapo nimegusa jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote. Kihispania kina vitenzi vinavyosifia kazi, chaguo au athari badala ya kumtolea mtu hukumu, na vitenzi hivyo ndivyo wenyeji wanavyovitumia zaidi wakiwa na watu wasiowazoea. Kimoja ni hicho salir. Kingine ni quedar. 'Te queda muy bien ese vestido': gauni hilo limekukaa. Angalia jinsi lugha zetu zinavyofanana hapo. Gauni ndilo linalotenda, wewe unapokea. Kwa hiyo viatu vikiwa viwili kitenzi kinafuata viatu: 'te quedan muy bien esos zapatos'. Kwa mtu mzima unayemheshimu badilisha 'te' iwe 'le'. Quedar pia inasifia kazi ya mkono: umetengeneza bango, umepanga chumba, umeshona, 'te ha quedado precioso'. Hispania watasema pia 'te sienta bien' au 'te favorece' kwa nguo na rangi. Sifa ya namna hii humwambia mtu kwamba amechagua vizuri, na kila mtu hupenda kusikia hivyo, awe bosi wako au mwenye nyumba wako.

Kisha kuna gustar, ambayo nayo ukiielewa kwa Kiswahili haitakusumbua. Wengi huifasiri 'kupenda', kwa hiyo husema 'nakupenda' wakidhani ni jambo la kirafiki. Maana yake hasa ni 'kuvutia'. 'Me gusta tu pelo': nywele zako zinanivutia. Ukisema 'me gustas', kinachonivutia ni wewe, mzima mzima, na msikilizaji ana haki ya kuelewa hivyo. Mwenzako wa darasani hakukosea, alikusikia sawasawa. Kwa mtu unayempenda kwa urafiki kuna caer bien: 'me caes muy bien'. Na kwa msaada wa masomo, sifia kile anachokifanya: 'me encanta cómo explicas', jinsi unavyoeleza inanifurahisha sana. Ukitaka kunyoosha mambo naye, fanya mapema na kwa sentensi moja: 'Perdona, el otro día me expresé mal, quería decir que me caes muy bien, como amigo.' Yaani samahani, siku ile nilijieleza vibaya, nilitaka kusema nakupenda kama rafiki. Neno 'como amigo' usilimeze, hata ukiona aibu. Kumwacha aendelee kutumaini ni kumuumiza zaidi.

Tuje kwa rafiki uliyemwambia amenenepa. Hapa sarufi haikuhusika kabisa. Kwetu, mtu akirudi likizo tukamwambia 'umenenepa', 'umenawiri', tunamaanisha ametulia, amelishwa, nyumbani ni salama. Hispania 'has engordado' inasikika kama kumsimanga. Furaha yako ile ile ina maneno yake: 'tienes muy buena cara', uso wako una afya; 'te veo muy bien'; 'qué bien te han sentado las vacaciones', likizo imekufaa. Utawasikia wenyeji wakisifiana kwa kupungua mwili, 'estás más delgada', lakini nakushauri usiige. Huwezi kujua mtu amepungua kwa ugonjwa, kwa huzuni au kwa kujinyima kula, na vijana wengi siku hizi hawataki mwili wao uzungumzwe kwa upande wowote. Mwombe radhi rafiki yako na umweleze maana ya neno hilo kwenu. Atakuelewa.

Skafu kuukuu isikupe shaka hata kidogo. Ukimsifia Mhispania nguo, mara nyingi atajibu '¿Esto? Si es viejísimo', hiki? mbona ni kikuukuu, au '¡Qué va!', wala, au atakutajia kwamba aliinunua kwenye punguzo la bei. Dar es Salaam ungemsifia mtu shati naye akajibu "Hii? Ya mtumba tu." Ni adabu ile ile ya kutojikweza. Wewe rudia mara moja kwa utulivu, 'pues te queda genial', kisha geuza mazungumzo. Ukirudia mara tatu unamlazimisha ajibu, na hapo ndipo sifa inapochosha. Na ukisifiwa wewe, 'gracias' peke yake inatosha kabisa, ukiongeza tabasamu au 'tú, que me miras con buenos ojos', ni wewe unayenitazama kwa macho mema.

Sasa muuza mboga. Hispania, hasa sokoni, dukani na kwenye baa, 'guapa', 'reina', 'cariño' na 'cielo' ni maneno ya kumwita mteja tu. Muuzaji mwanamke atakuita 'guapa' kama mwanaume, na bibi wa miaka themanini nyuma yako kwenye foleni ataitwa 'guapa' vilevile. Kipimo chake ni rahisi: je, anawaita hivyo wateja wote, na mkono wake unaendelea kupima nyanya? Basi ni lugha ya biashara. Anakuita wewe tu, anapunguza sauti, anauliza unakaa wapi? Hiyo ni kitu kingine, na huhitaji kamusi kuijua.

Lakini yako maneno yatakayokugusa zaidi kwa kuwa wewe ni Mwafrika, na nisingekutendea haki kuyapita. Hispania, mtoto mzuri anaitwa 'mono' au 'mona': 'qué niña más mona'. Neno hilo hilo, likiwa nomino, ni kima. Wenyeji humwambia hivyo mtoto yeyote, na hata gauni linaweza kuwa 'mono', kwa hiyo ukilisikia kama kivumishi juu ya mtoto wa rafiki yako, pokea sifa. Mashabiki wanaolipiga kelele uwanjani dhidi ya mchezaji mweusi wanatumia nomino, nao wanajua wanachofanya. Juni 2024 mahakama ya huko huko Valencia iliwahukumu mashabiki watatu kifungo cha miezi minane kwa matusi ya kibaguzi dhidi ya Vinícius Júnior, yaliyotokea uwanja wa Mestalla mwaka 2023.

'Negra', 'negrita', 'morena' nayo yana historia ndefu. Katika nchi nyingi za Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi, 'mi negra' na 'negrito' ni majina ya mapenzi, hata kwa mtu mweupe kabisa, sawa na 'gordo' (mnene) na 'flaca' (mwembamba). Mashabiki wa Manchester United watakumbuka Edinson Cavani wa Uruguay mwishoni mwa 2020: rafiki yake alimpongeza kwa mabao mawili dhidi ya Southampton, naye akamjibu mtandaoni 'gracias negrito'. Chama cha soka cha Uingereza kilimfungia mechi tatu na kumtoza pauni 100,000, na taasisi ya lugha ya Uruguay ikapinga hukumu ile kwa nguvu, ikisema kwao ni neno la upendo. Mimi naamini Cavani hakuwa na ubaya. Naamini pia kwamba nia njema ya msemaji haimlazimishi mtu mwingine kulifurahia neno. Likikukera, sema tu 'prefiero que me llames por mi nombre', napendelea uniite kwa jina langu, bila kueleza zaidi. Anayekupenda atabadilika siku hiyo hiyo. Na wewe usilitumie kumwita mtu yeyote mpaka uishi kati ya watu hao muda mrefu, kwa sababu mpaka wake haufundishiki darasani.

Kuna pia piropo, yaani sifa anayorushiwa mwanamke na mwanaume asiyemjua barabarani. Zamani ilihesabiwa kuwa ufundi wa maneno, na bado wapo wanaoitetea. Mimi siitetei. Sifa inayotolewa kwa mtu asiyeweza kuondoka wala kujibu bila hofu haimfurahishi anayesifiwa, na sheria zimeanza kukubali hivyo: Peru ilipitisha sheria dhidi ya usumbufu wa kingono mahali pa umma mwaka 2015, Chile 2019, na Hispania 2022, ambapo maneno ya kingono yanayomdhalilisha mtu mtaani yakawa kosa la jinai, ingawa ni kosa dogo. Ukirushiwa, huna deni la 'gracias'. Endelea na safari yako.

Ukihama Valencia, mengine yatabadilika. Jamhuri ya Dominika 'está guapo' maana yake amekasirika. 'Chulo' Hispania ni zuri kwa shati, lakini kwa mtu ni mwenye kiburi; Meksiko 'chula' ni mrembo. Argentina watasema 'linda' pale Mhispania anaposema 'guapa', na badala ya 'te ha salido' watu wengi wa Amerika ya Kilatini watasema 'te salió'. Pongezi za kufaulu mtihani au kupata mtoto, ambazo sisi zote tunazimaliza kwa 'hongera', Hispania huwa 'enhorabuena', na ng'ambo ya bahari zaidi ni 'felicidades' au 'felicitaciones'. Haya utayaokota ukifika, usiyabebe sasa.

Jambo moja tu la Amerika ya Kilatini ni afadhali uwe nalo mapema, nalo halitakuwa geni kwako. Kuanzia Meksiko hadi Kolombia, wengi wanaogopa jicho la husuda kwa watoto wachanga kama pwani yetu inavyoogopa. Kwetu ukimsifia mtoto bila "Mashallah" mama yake anakutazama mara mbili. Kule ongeza 'Dios lo bendiga', Mungu ambariki, ukiweka 'la' badala ya 'lo' kwa mtoto wa kike, na sehemu nyingine mama atakuomba umguse mtoto baada ya kumsifia ili jicho lisimdhuru. Mguse, usibishane.

Maandishi yana kikomo chake, na mambo mawili hapa yanataka mtu wa ana kwa ana. La kwanza ni sikio. Sauti ya 'qué guapa' ya kirafiki na ile ya kutaka siwezi kukuandikia. Tafuta intercambio, mtu anayetaka kujifunza Kiswahili au Kiingereza chako naye akupe Kihispania, au jiandikishe Escuela Oficial de Idiomas, shule za serikali ambazo ada yake ni ndogo kuliko ya shule binafsi. Mwombe mwenzako akusahihishe pale pale unapokosea, na umwambie hutakasirika, maana Wahispania wengi huona haya kumsahihisha mgeni juu ya sifa.

La pili ni zito zaidi. Kama mkuu wa kazi, mhadhiri au mwenye nyumba anakupa sifa za mwili wako, na umeshamwambia hutaki naye anaendelea, hilo halihusiani tena na Kihispania chako. Usijilaumu kwamba hukuelewa. Andika tarehe na maneno aliyoyasema, hifadhi ujumbe wa simu, umwambie mtu unayemwamini. Chuoni nenda ofisi ya usawa, inaitwa unidad de igualdad. Kazini nenda kwa wawakilishi wa chama cha wafanyakazi. Na kote Hispania namba 016 inapokea simu za wanawake wanaonyanyaswa, bure, saa 24. Ukihisi Kihispania chako hakitoshi kwa mazungumzo hayo, omba mkalimani au nenda na rafiki yako unayekaa naye.